DARUBINI: WA MBALI UNAMUONA, WA KARIBU JE?



Juzi tulikwenda Sitalike na vijana wa madrasa kuangalia viboko wa mto Katuma. Kijana mmoja alikuja na darubini. Mzee wetu mmoja, aliyefanya kazi bandarini na mabaharia wa Iran, akaniuliza: "Shehe, darubini ni neno la nani?"

Nikajibu, la Kiarabu.

Akacheka. "La Kiajemi hilo. Dur ni mbali, bin ni mwenye kuona. Wenyewe dur wanalisema kila siku: sokoni ni dur, kwetu ni dur. Na karibu wanasema nazdik."

Nikaiweka machoni. Wallahi, nilihesabu masikio ya viboko ng'ambo ya mto! Lakini mtoto aliyesimama miguuni pangu nilimkanyaga. Sikumuona.

Ndugu zangu, jambo lile lilinichoma. Simu yangu hii ni darubini. Namjibu aliyeko Muscat, namjibu aliyeko London. Dada yangu wa tumbo moja anaishi Makanyagio, hapa hapa Mpanda, na tangu tugombane juu ya kiwanja cha marehemu baba, mwaka mzima sijakanyaga kwake. Nilikuwa nangoja aanze yeye.

Neno letu "karibu" limetoka kwenye Kiarabu, na mzizi wake ndio huo huo uliotupa "akraba", yaani jamaa wa damu. Na Allah (s.w.) katika Suratul Baqara, aya ya 186, ametufahamisha kuwa Yeye yu karibu, anamjibu mwenye kumuomba. Nami namuomba aliye karibu huku nimewakimbia akraba!

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha, kama alivyopokea Bukhari, kuwa muunga udugu si yule anayelipa wema kwa wema, bali ni yule anayeunga pale alipokatwa.

Baada ya Maghribi nikaenda. Nikapiga hodi. Akaitika kutoka ndani, "Karibu," kabla hajajua ni nani. Aliponiona akanyamaza. Kisha akasema, "Pita, mdogo wangu, chakula kipo."

Kiwanja bado hatujakizungumza. Tutakizungumza, inshaallah, tukiwa tumekaa mkeka mmoja.

Ewe ndugu unayesoma, nani wako wa karibu umemfanya dur? Weka simu chini, nenda kapige hodi.

Allah atuunganishe. Aamin.