Rimoti Moja kwa Nyumba Nzima

Majumbani mwetu siku hizi kuna amplifaya na spika zake, kuna chombo cha kuchezea diski, kuna televisheni na king'amuzi chake, na kila kimoja kimekuja na rimoti yake. Kwetu sisi zilifika nne juu ya meza moja. Vijana hawakuona taabu yoyote. Aliyeona taabu ni Mama yetu, ambaye umri wake umepita miaka 80 na macho yake hayasomi tena maandishi madogo. Baada ya Swala ya Alfajiri alikuwa akikaa kimya akingoja mmoja wetu arudi msikitini, ndipo asikie kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, ambaye kisomo chake cha Qur'ani nzima kwa tartili kilirekodiwa Misri mwaka 1961. Mtu kungojea watu ndipo aisikie Qur'ani nyumbani mwake si jambo dogo. Basi tukanunua rimoti ya jumla, iwezayo kuamrisha vyombo vya viwanda mbalimbali.

Chombo hiki hakina siri kubwa. Mbele yake pana kitaa kitoacho mwanga wa infraredi, ambao jicho la mwanadamu haliuoni. Mwanga huo hupigwa mbio mbio, aghalabu kiasi cha mara 38,000 kwa sekunde, na hukatwa vipande virefu na vifupi. Mpangilio wa vipande hivyo ndio amri. Kila kiwanda kina mpangilio wake, ndiyo maana rimoti ya televisheni haisikiwi na amplifaya. Atakaye kujua kama kitaa ki hai na akielekeze kwenye kamera ya simu. Kamera nyingi hukionyesha kikimetameta.

Kuipanga kwa kawaida ni kwa namba. Kijitabu chake kina majina ya viwanda, na chini ya kila jina zimo namba kadhaa. Hushikiliwa kitufe cha kupangia mpaka taa iwake, hubonyezwa kitufe cha chombo kinachotakiwa, kisha hutiwa namba. Wala mtu asiridhike na namba ya kwanza iwashayo chombo, kwani yaweza kujua kuwasha isijue kupandisha sauti. Kwetu ilikuwa ya tatu. Namba iliyofaa iandikwe mahali, maana baadhi ya rimoti husahau yote betri zikitolewa.

Chombo cha diski hakikuwamo kijitabuni. Hapo ilitubidi kuifundisha: rimoti mbili zililazwa zikitazamana, ile ya asili ikabonyezwa, na ya jumla ikaidaka amri, kitufe baada ya kitufe. Si kila rimoti ya jumla iwezayo hayo, na yafaa mnunuzi aulize dukani kabla hajalipa.

Mabishano yalianza baadaye. Mdogo wetu alitaka kitufe kimoja kiwashe vyombo vyote kwa pamoja. Ni ufundi mzuri, lakini vyombo vyetu vilikuwa na kitufe kimoja cha kuwashia na kuzimia. Amri ikitumwa na kimoja kimekwisha kuwaka, hicho huzimika na kingine huwaka, na mzee hubaki hajui la kufanya. Mdogo wetu akasema Mama atazoea. Mama akajibu, "Mwanangu, mimi sitaki ufundi, nataka kusikia."

Tukaafikiana chombo cha diski kikae kimewaka daima, na Mama awe na vitufe vitatu tu: cha kuwasha amplifaya, cha sauti, na cha kunyamazisha adhana inapoadhiniwa. Sauti ya juu kabisa tuliizuia kwenye amplifaya yenyewe, kwani alfajiri jirani naye ana haki yake.

Ushanga ni shauri lake mwenyewe. Alitwambia tugundishe mmoja juu ya kitufe cha kuwashia, ili kidole kikijue gizani. Sasa rimoti hulala chini ya mto wake, na vijana wakitaka kusikiliza habari za mpira hawana budi kwenda kumwomba.