Chupa Tatu Zisizo na Majina

Mende ni adui wa elimu. Tuliporudi shuleni baada ya likizo, tuliona wamekula vibandiko katika kabati ya kemia, na chupa tatu zimebaki hazina majina. Daftari ilitwambia ya kuwa ni asidi benzoiki, naftholi na naftalini. Lakini ipi ni ipi? Zote zilikuwa na unga mweupe. Naftalini tuliidhania kwa harufu yake ya dawa ya nondo. Kuonja tulikataza kabisa, maana ulimi si chombo cha maabara.

Tukapima gramu 0.1 ya kila unga, tukaitia katika maji baridi, sentimeta 3 za ujazo. Hakuna uliyeyuka. Tukachukua unga mwingine, tukautia katika maji ya sodiamu hidroksaidi ya asilimia 5. Naftalini ikakaa vile vile, kwa kuwa si asidi. Hizo mbili zikayeyuka. Ndipo tulipofanya haraka. Tukasema, “Chupa ya mbele ndiyo asidi benzoiki, twakumbuka mahali pake,” tukaandika majina.

Mwanafunzi mmoja akasimama, akasema, “Samahani, Bwana Mwalimu, mbona hatukujaribu sodiamu baikaboneti?” Sisi tukamwambia aketi, tukaona kana kwamba ametuvunjia heshima.

Usiku ule usingizi haukuja upesi. Tulijua neno lake ni la haki. Sodiamu hidroksaidi ni alikali kali, huyeyusha asidi yenye nguvu na iliyo dhaifu pia. Bali baikaboneti ni alikali pole, nayo huyeyusha ile yenye nguvu tu. Asubuhi tukajaribu mbele ya darasa zima. Unga wa chupa ya nyuma ukatoa povu, ukayeyuka: ndio asidi benzoiki. Ule wa mbele ukatulia chini ya maji: ndio naftholi. Tukadondosha asidi hidrokloriki katika yale maji ya povu, na unga mweupe ukarudi.

Tukabadili vibandiko, tukamwomba radhi kijana yule mbele ya wenzake. Enyi waalimu wenzetu, jina la uongo juu ya chupa lina hatari kuliko chupa isiyo na jina, kwani lisilo na jina huulizwa, lakini lenye jina huaminiwa.