Kupanda Kabasha na motere ya moto

Ukitoka Goma, penye metre karibu 1500 juu ya bahari, barabara inapita Rutshuru, inashuka mpaka uwanda wa Rwindi, halafu inapanda Kabasha kuelekea Kanyabayonga. Mwezi wa saba 2019 nilipita huko ndani ya lori lenye kuvuta remorke kubwa. Tulipita May-ya-Moto, kwenye chemchemi za maji ya moto. Kumbe na yetu yalikuwa njiani kuchemka!

Kule Kabasha tulipanda pole kuliko mutu wa miguu. Motere inatumika sana, lakini upepo wa mwendo haupo. Inabaki ventilatere tu. Katika malori mengi makubwa haizunguki kwa nguvu siku zote, inashika wakati motere inapata moto. Yetu haikushika. Tena vumbi liliziba radiatere. Mshale ukaingia kwenye nyekundu.

Konvoyere akakimbia na kitambaa ili afungue kifuniko. Hata mimi ningefungua. Shofere akapiga kelele: «Acha, mutoto! Unataka kupoteza macho?» Maji yakifungiwa mule yanapita digri 100 bila kuchemka, ukifungua, yanakurukia usoni.

Tulingoja zaidi ya saa moja. Shofere akafunga ventilatere kwa bulo ili izunguke daima, akaosha radiatere, akaongeza maji kidogo kidogo, maana maji baridi ya gafula yanapasua kichwa cha motere.

Tulifika Kanyabayonga usiku. Kijana alikuwa angali ameshika kile kitambaa.