Kwa treni hadi Valhalla

Dari ya ukumbi mkuu wa kituo cha Grand Central, jijini New York, imechorwa anga ya usiku, yenye nyota za dhahabu juu ya rangi iliyo kati ya kijani na buluu. Kituo kilifunguliwa mwaka 1913, na haikuchukua muda abiria mmoja akaona kasoro: sehemu kubwa ya anga ile imegeuzwa, mashariki iko magharibi na magharibi iko mashariki. Yalitolewa maelezo ya kuitetea, likiwamo la kwamba hivyo ndivyo nyota zinavyoonekana kwa anayezitazama kutoka nje ya mbingu. Dari ikaachwa ilivyo. Nyota zenyewe, zile zilizo juu ya paa, hazikuhama kumfuata mchoraji.

Nilisimama chini ya dari hiyo siku ya safari niliyokuwa nimeitamani kwa miaka. Nilikuwa Marekani kwa mara ya kwanza, nimefikia kwa mpwa wangu, mtoto wa dada, anayefanya kazi katika maabara ya hospitali. Nilimwomba jambo moja tu, anipeleke Valhalla, mji mdogo kaskazini mwa jiji, nikalione kaburi la mwandishi Ayn Rand.

"Mjomba, wageni wote huomba Sanamu ya Uhuru," alisema.

"Sanamu itasubiri."

Riwaya ya Rand, Atlas Shrugged, niliinunua kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta, Dar es Salaam, nikaisoma kwa hamu na kwa hasira. Watu wanamjua Rand kwa mambo mawili, ubepari na kuitetea nafsi, na wengi humpenda au kumchukia wakaishia hapo. Mimi nilivutwa na kilicho chini ya hayo. Inasimuliwa kwamba kabla riwaya hiyo haijatoka mwaka 1957, katika mkutano wa wachapishaji wake, Random House, muuzaji mmoja alimtaka aieleze falsafa yake huku amesimama kwa mguu mmoja. Akaieleza kwa mafungu manne: ulimwengu upo wenyewe bila kutegemea anayeutazama, akili ndiyo njia ya kuujua, mtu aishi kwa ajili ya nafsi yake, na uchumi uwe huru. Ninayoyaandika hapa ni mafungu mawili ya kwanza. Hayo ndiyo metafizikia yake na nadharia yake ya maarifa, na falsafa nzima aliiita Uobjektivisti.

Kabla ya kushuka kwenye majukwaa ya treni, mpwa wangu alinipeleka ghorofa ya chini, karibu na mgahawa wa chaza, ambako njia zinakutana chini ya kuba pana la vigae. Akaniambia nisimame kwenye pembe moja, uso ukielekea ukutani. Yeye akavuka hadi pembe ya mbali. Watu walikuwa wakipita katikati yetu na masanduku yao. Mara nikasikia, "Shikamoo, mjomba," sauti ya chini kabisa, kama vile mtu amesimama begani kwangu.

Nikaitikia marahaba, naye akaja akicheka. "Umeona masikio yanavyodanganya?"

Hapana, na hili ndilo fundisho la Rand ninalolipenda kuliko mengi. Sauti ilipanda ukuta, ikafuata mkunjo wa kuba, ikashuka upande wangu. Sikio liliniletea kile hasa kilicholifikia, kwa namna ambayo sikio la binadamu limeumbwa kupokea. Kama ningesema "mtu yuko begani kwangu", kosa lingekuwa la hukumu yangu. Vivyo hivyo fimbo inayoonekana imepinda ndani ya maji: jicho linatoa taarifa sahihi ya mwanga unavyovunjika unapotoka majini. Kwa Rand, milango ya fahamu haina uwezo wa kusema uongo, kwa sababu haitoi hukumu yoyote. Asiyetofautisha rangi nyekundu na kijani, na anayezitofautisha, wote wawili wanauona ulimwengu uleule kwa maumbile mawili ya macho. Kukosea kunaanza pale tunapoanza kusema kitu ni nini.

Treni ya Harlem Line iliondoka ikapita gizani chini ya Park Avenue. Humo gizani mpwa wangu akarudia msemo ambao siku hizi unasikika kila mahali, kwamba kila mtu ana ukweli wake.

Nilimuuliza kama na huo ni ukweli wake yeye peke yake, au anataka na mimi niukubali. Akanyamaza kidogo. Ndivyo Rand anavyomkabili mpinzani, na sioni njia nyingine iliyo bora. Anasema kuna kweli tatu zinazoingia pamoja mara mtu anapofumbua macho: kuna kitu, kitu hicho ni kitu fulani na si kingine, na mimi nina ufahamu wa kukitambua. Huwezi kuzithibitisha kwa kitu kilichotangulia, maana kila uthibitisho unasimama juu yake. Lakini anayezikana anazitumia palepale. Ili akane, lazima awepo, awe na ufahamu, na maneno yake yawe na maana fulani isiyo kinyume chake. Rand aliita hila hii kuiba dhana, yaani kulitumia tawi huku unaukana mti. Ya pili kati ya kweli hizo alikiri kwamba ni mali ya Aristotle, mwanafalsafa pekee aliyekubali kuwa na deni kwake, na sehemu ya tatu ya Atlas Shrugged akaipa jina la kanuni hiyo, A ni A.

Wako wanafalsafa wanaosema kanuni pana kiasi hicho haina kitu ndani. Siafikiani nao. Ni kweli haikuambii kama kesho mvua itanyesha. Ila inafunga mlango mmoja mkubwa, mlango wa wale wanaoanza na ufahamu, kisha wanautaka ulimwengu uufuate. Rand alisema kuwapo kunatangulia kufahamu. Kufahamu ni kutambua, hakuumbi. Wala haidhuru ufahamu huo uwe wa mtu mmoja anayetamani, au wa umma mzima uliopiga kura. Aliongeza na ufahamu wa Muumba, kwa kuwa hakuamini Mungu, na hapo mimi naachana naye. Naamini. Lakini hata kwa sisi tunaoamini, jiwe lililokwisha kuwapo halisogei kwa sababu nimetamani lisogee, na mwanafunzi anayejifunza hilo amejifunza jambo kubwa.

Mpwa wangu alilichukua hilo akalipeleka maabara. Kabla ya kuhamia huku alisoma vioo vya malaria nyumbani: tone la damu, rangi, darubini. "Wako wagonjwa wanaolia majibu yawe mengine, na wako madaktari waliokwisha kuamua kabla ya kipimo. Mdudu yumo au hayumo." Nikamkumbusha kwamba hadi mwaka 1880, daktari Mfaransa Alphonse Laveran alipomwona mdudu huyo katika damu ya mgonjwa nchini Algeria, hakuna aliyejua kwamba yupo. Vizazi na vizazi vilikuwa vimekwisha kuugua na kufa kwa kitu ambacho hakikuwa katika ufahamu wa mtu yeyote.

Treni ilitokea kwenye mwanga, ikavuka Harlem, ikaingia Bronx, na baadaye tukaanza kuandamana na maji membamba kati ya miti. Ni Bronx River, alisema.

"Huu nao ni mto?" nilimuuliza. Yeye amekulia Utete, kando ya Rufiji. Alicheka, lakini swali lilikuwa la kweli, na ndilo linalofungua kitabu kigumu na kizuri kuliko vyote vya Rand, Introduction to Objectivist Epistemology. Alikitoa kwanza kwa mfululizo katika jarida lake, kati ya mwaka 1966 na 1967. Kinauliza swali la zamani: tunapata wapi haki ya kuviita vitu visivyofanana kwa dhana moja? Rufiji ina mamia ya kilomita, mamba na viboko, na mafuriko yanayobeba mashamba. Huu wa Bronx unaweza kuuvuka kwa daraja la hatua chache. Plato angesema upo Mto mkamilifu mahali fulani, na hii ni vivuli vyake. Wengine wangesema ni mazoea yetu tu, tumekubaliana kuita hivyo.

Jibu la Rand ni vipimo. Mtoto anaona maji yanayotiririka katika njia yake juu ya ardhi, hapa membamba, pale mapana, hapa ya kasi, pale ya taratibu. Anaona pia kwamba yanatofautiana kabisa na maji ya ziwa yaliyotulia. Akili yake inashika sifa zilezile, upana, urefu, kasi, kisha inaviacha vipimo vyake. Kuviacha hakuna maana kwamba havipo. Lazima upana uwe kiasi fulani, lakini unaweza kuwa kiasi chochote. Kwa hiyo dhana haielei mbinguni, wala si mkataba wa kijiji. Inatokana na vitu vyenyewe, ikashughulikiwa na akili kwa njia ya akili. Rand alisema jibu lake si la upande wowote kati ya hizo mbili, na ndilo alilotaka liitwe objektivu.

Hapa nilimsimulia mpwa wangu kisa cha kunguru ambacho Rand alikitumia. Watu watatu wanaingia msituni, kunguru anajificha. Wanatoka wawili, kunguru anabaki amejificha mpaka wa tatu atoke. Lakini wakiingia watano wakatoka wanne, kunguru anajitokeza, hesabu imemzidi. Nasi hatuna tofauti kubwa na kunguru. Ukinionyesha nukta nyingi kwa mpigo nitaziona ni nyingi tu. Dhana ndiyo inayotuwezesha kubeba mito yote, iliyokwisha kuonekana na isiyoonekana bado, katika wazo moja.

"Na kama tulikosea maana yake?" aliuliza. "Zamani watu waliamini malaria inatokana na hewa chafu ya mabwawa."

Swali zuri. Rand anajibu kwamba dhana inavishika vitu vyenyewe pamoja na yote yaliyomo ndani yake, hata yale ambayo hatujayajua, wakati ufafanuzi wake unatoka katika kiwango cha maarifa tulichonacho. Wale wazee waliona kweli homa inaandamana na mabwawa. Walichokosea ni sababu. Mdudu alipopatikana, ufafanuzi ulibadilika, ugonjwa ukabaki uleule. Kujua kwa uhakika, kwake, ni kujua kwa ushahidi wote ulio mbele yako, bila kudai ujuzi wa malaika.

Tulishuka Valhalla chini ya saa moja tangu tuondoke. Makaburi ya Kensico, yaliyoanzishwa mwaka 1889, ni milima midogo ya nyasi na miti mikubwa. Jiwe la Rand ni la kawaida kabisa, linalobeba pia jina la mumewe, Frank O'Connor, aliyetangulia mwaka 1979. Yeye alifuata mwezi Machi 1982. Siku ya maziko kulikuwa na maua yaliyopangwa kwa umbo la alama ya dola, karibu mita mbili kwenda juu, na hilo ndilo magazeti yalilokumbuka. Lakini katika makaburi hayohayo amelazwa Rachmaninoff, mtunzi wa muziki ambaye Rand alimpenda kuliko wote, Mrusi aliyefia ugenini kama yeye. Hilo lilinigusa zaidi ya dola.

Rand alizaliwa akiitwa Alisa Rosenbaum, mwaka 1905, St. Petersburg. Wabolsheviki walilitwaa duka la dawa la baba yake. Alisoma historia katika chuo kikuu cha Petrograd, na mwezi Februari 1926, akiwa na miaka 21, akashuka melini New York, naye kwa mara ya kwanza. Nikisimama pale nililiona jambo ambalo kitabu hakikunionyesha. Ametoka mahali ambapo chama kilitangaza ukweli na wananchi wakatakiwa kuuona. Kwa mtu huyo, kusema kwamba vitu ni vilivyo hata serikali ikikataa haikuwa kanuni tupu.

Tulipanda kidogo hadi bwawa la Kensico, ukuta mrefu wa mawe uliokamilika mwaka 1917 kuhifadhi maji ya New York. Ukiona vyaelea vimeundwa, na Rand alisisitiza tofauti hiyo: bonde na mvua vipo kwa sababu ya maumbile, havina wa kulaumiwa, ukuta upo kwa sababu mtu alichagua kuujenga, angeweza kuchagua vingine. Mtu ndiye kiumbe anayeweza kuamua kufikiri au kuzima akili yake. Hiyo ndiyo hiari, kwake, na hakuna awezaye kufikiri kwa niaba ya mwingine. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Mpwa wangu hakukubali kuishia hapo. "Maabara, mjomba, kioo kinasomwa na watu wawili. Wakitofautiana analetwa wa tatu. Jicho moja halitoshi."

Nilimwambia kwamba hata hao wawili kila mmoja anatazama mwenyewe kwanza. "Lazima," alisema, "ukisoma jibu la mwenzako kabla hujatazama, umeshaharibu kipimo. Lakini jibu linalokwenda kwa mgonjwa si la mmoja." Tulibishana hivyo kwenye treni ya kurudi, njia nzima hadi kituo cha White Plains. Nakiri ana hoja. Rand alieleza vizuri jinsi akili moja inavyotoka kwenye macho hadi kwenye dhana, lakini swali la watu wawili waaminifu, waliotazama kioo kilekile wakaona tofauti, kwa maoni yangu hakulipa uzito unaolistahili, na maabara za dunia nzima zinalikabili kila siku.