Mbegu Isiyo na Subira

Sisi tuliozaliwa visiwani hulijua ua kwa pua kabla ya kulijua kwa macho. Asumini, kilua na mlangilangi huthaminiwa kwa harufu; huchumwa, hutungwa, hutiwa katika kikuba pamoja na mrihani, na kazi yake hukamilika katika nguo na nywele za watu. Asumini yenyewe hatuioteshi kwa mbegu. Mtu huomba pingili kwa jirani, huichomeka karibu na kisima, nayo hushika. Kwa hiyo nilipohamia Tukuyu kufundisha, sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima aliyeinamia kopo la udongo akingoja mbegu ya ua iamke.

Huko Tukuyu ua ni rangi. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, chini ya Mlima Rungwe, na mvua yake kwa mwaka hupita milimita 2,000. Huanza Novemba, hushika nguvu Machi na Aprili, na hulegea Mei. Juni na Julai ni miezi ya baridi na ukungu. Katika nchi ya namna hiyo, iliyojaa migomba, chai na kijani kisichokwisha, jicho hutamani kitu chekundu. Nyumba nyingi huwa na ukanda wa maua mbele ya baraza: dalia, zinia, na lile ua laini la kivulini ambalo wataalamu huliita Impatiens walleriana.

Bibi mmoja, jirani yangu, ndiye aliyenifundisha kalenda yake. Mbegu huatikwa Agosti inapomalizika, baridi ikianza kuvunjika, ili miche iwe tayari kwa mvua za kwanza. Mwenye kuatika Machi anaatikia mafuriko: matone mazito huivunja miche, na unyevu huleta kinyausi, ugonjwa unaoilaza chini kwa usiku mmoja. Udongo wake aliuchanganya mwenyewe, mboji ya majani ya migomba pamoja na changarawe nyepesi ya volkano, ambayo mlima uliimwaga katika mlipuko mkubwa takriban miaka 4,000 iliyopita. Changarawe ile hupitisha maji, na mizizi haiozi. Mbegu hakuzifukia. Alizinyunyiza juu ya udongo, akazibana kidogo kwa kiganja, kwa kuwa mbegu hizi hutaka mwanga ili zichipue. Kisha aliliweka kopo chini ya upenuo na kulirashia maji kwa kishada cha majani. Baada ya wiki mbili hivi, nukta za kijani zilijitokeza.

“Mwalimu,” aliniambia siku niliyomletea pakiti ya mbegu kutoka dukani, “ndaga fijo, nashukuru sana. Lakini mbegu hii haina mama.”

Maneno yake yalikuwa na elimu ndani yake. Mbegu nyingi za pakiti ni chotara wa kizazi cha kwanza. Hutoa maua yanayofanana kama sare za shule, lakini ukichuma mbegu za maua hayo na kuzipanda, watoto hutawanyika, kila mmoja na sura yake. Mkulima hulazimika kurudi dukani kila msimu. Mbegu za bibi yule zilikuwa za ukoo. Hazikufanana sana, ila ziliotea kwake mwaka hadi mwaka.

Baadaye nilisoma habari za ua lile, nikakuta kisiwa chetu ndani ya historia yake. Asili yake ni Afrika Mashariki. Katika karne ya 19 John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, aliyekuwa na bustani yake Mbweni, alilipeleka Kew, London. Mwaka 1882, enzi ya Sayyid Barghash, mtaalamu Joseph Hooker alilipa jina la Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Baadaye ilibainika kwamba ni ua lile lile ambalo Hooker mwenyewe alikwisha kuliita walleriana, kwa jina la mmisionari Horace Waller, na jina la zamani likashika. Sultani akaondolewa katika cheti cha ua. Ua likabaki katika madirisha ya Ulaya na Marekani, na likaturudia katika pakiti yenye bei.

Lakini kufanana kuna gharama. Mwaka 2003 ugonjwa wa ukungu ulilishambulia ua hili katika bustani za Uingereza, na kuanzia 2011 ukaenea Marekani. Majani yalipukutika, mashina yakabaki uchi, na wauzaji wengi waliacha kuliuza kwa miaka kadhaa. Ndipo wazalishaji walipotafuta aina zinazostahimili. Mojawapo huuzwa kwa jina la Imara, neno lisilohitaji kufasiriwa kwa msomaji wa gazeti hili.

Nisije nikadhaniwa kwamba naimba sifa za ua dhidi ya tumbo. Mjukuu wa bibi alitaka ukanda ule upandwe maparachichi aina ya Hass, ambayo katika miaka ya karibuni yamebadili maisha ya kaya nyingi za Rungwe. “Bibi, ua haliliwi,” alisema, na hoja yake ilikuwa nzito, kwani ada za shule hazilipwi kwa dalia. Bibi hakubishana. Alimwuliza tu kwa nini mche wa Hass hubebeshwa badala ya kuoteshwa kutoka kokwa. Kijana alijibu kwamba kokwa haizai mti unaofanana na mama yake. “Basi nawe unamtafuta mama,” alisema bibi. Sehemu kubwa ya uwanja ikapandwa maparachichi; chini ya upenuo, ambapo mparachichi usingeweza kusimama, makopo yalibaki.

Nchi jirani ya Kitulo, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 na ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, inatupa onyo. Humo viazi vya okidi vimekuwa vikichimbwa na kuvushwa hadi Zambia, vinakopikwa chikanda. Achimbaye kiazi huondoka na mmea pamoja na kesho yake. Achumaye mbegu huuacha mmea pale pale.

Impatiens ni neno la Kilatini, maana yake asiye na subira. Tumba lake likikomaa, ukiligusa tu hupasuka na kurusha mbegu mbali. Bibi hulifunga kwa kitambaa chepesi kabla halijapasuka, hungoja, kisha huzikunja mbegu katika karatasi ya daftari na kuandika mwezi. Amenipa karatasi tatu. Moja nimeiatika, mbili nimekuja nazo Unguja, kwa wenye kivuli na maji ya kutosha. Atakayezihitaji na aje. Bei yake ni moja: mwakani, naye ampe mtu mwingine.