Sahani ya Simba

Sisi tuliozaliwa Uchagani hatuli Krismasi mjini. Ikifika wiki ya mwisho ya Desemba mabasi ya kwenda Moshi hujaa, na nyumba ambayo mwaka mzima ina mama peke yake hupata watu thelathini. Siku hiyo hasahauliwi mtu: jirani hupelekewa nyama, mgonjwa hupelekewa mtori. Nami, katika Krismasi ya mwaka 2011, nikaona kwamba yuko mmoja tuliyekuwa tukimsahau kila mwaka. Huyo alikuwa Simba, mbwa wa mama.

Simba alikuwa mbwa wa kienyeji, mwembamba, wa rangi ya udongo. Alimlinda mama na mbuzi wake usiku kucha, na ujira wake ulikuwa ugali wa dona na dagaa wa kuchemsha. Basi mimi niliyetoka Dar es Salaam nikaingiwa na huruma. Watu walipokwisha kula, nikakomba sufuria la rosti ya mbuzi, ile sehemu nzito ya chini yenye vitunguu vingi kuliko nyama, nikamwekea. Kesho yake nikampa tena, na keshokutwa pia, maana kiporo kilikuwa kingi. Mama alinitazama, akasema, "Mwanangu, huyo ana chakula chake." Nikacheka. Nilidhani ni ubahili wa wazee.

Tarehe 29 Simba hakutoka bandani. Nilipomfunua mdomo, fizi zake zilikuwa zimepauka. Alihema kama aliyetoka mbioni, na mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Jirani akasema wezi wamemlisha sumu, anyweshwe maziwa. Sote tuliamini. Nikamwita daktari wa mifugo. Alimkagua kwa muda, kisha hakuuliza habari za wezi. Aliuliza, "Amekula nini tangu sikukuu?"

Nilipomweleza, alinifahamisha polepole. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Chembe zikipasuka damu hupungua ndani kwa ndani, na dalili huweza kuchelewa siku kadhaa, wakati aliyemlisha amekwisha sahau. Dawa ya kuizima sumu hiyo moja kwa moja hakuna. Ilibaki kuacha kilichomdhuru, kumpa maji na utulivu, na kungoja mwili utengeneze damu nyingine, kama utawahi.

Binti yangu wa miaka saba alikuwa amesimama pale akisikiliza. Akaniuliza, "Kwa hiyo baba, mwizi ni wewe?"

Sikuwa na jibu.

Siku zile nilishinda bandani, na daktari alipokuja tena nikamwuliza na mengine. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, huvunjika vipande vyenye ncha ambavyo huweza kutoboa utumbo. Zabibu, pamoja na zile kavu za kwenye keki, huweza kuharibu figo. Chokoleti ina theobromini, ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole mno, na kadiri chokoleti ilivyo nyeusi ndivyo inavyodhuru zaidi. Mafuta mengi ya nyama huweza kuvimbisha kongosho. Jojo zisizo na sukari, zikiwa zimetiwa zailitoli, hushusha ghafla sukari ya damu yake. Pombe nayo si ya mbwa hata kidogo, na kwetu ndoo ya mbege haikosi uani. Tena, ukimwona amekula kimojawapo usingoje dalili. Mtafute daktari upesi, kwani saa za mwanzo ndizo zenye msaada mkubwa.

Ndugu msomaji, nimelifikiri sana jambo hili. Mtu akipewa kisichomfaa husema ameshiba. Mbwa hakatai. Yeye hakipimi chakula, huupima mkono unaompa. Nilimpa ninachokipenda mimi, nikauita ukarimu, wala sikujiuliza kama mwili wake unakiweza. Mama, ambaye kila siku alimkorogea dona lake bila maneno ya huruma, ndiye aliyekuwa akimpenda kwa akili.

Simba alipona, ingawa zilipita wiki kadhaa kabla hajaweza kukimbia tena. Siku aliyosimama mara ya kwanza alikuja moja kwa moja kwangu, akanusa mkono uleule. Afadhali angenibwekea.

Aliishi hadi mwaka 2017. Sasa yuko mbwa mwingine, naye anaitwa Simba. Kila Krismasi, kabla vitunguu havijaingia sufuriani, natenga vipande vya nyama isiyo na mafuta, nachemsha bila chumvi wala kiungo, nachanganya na ugali. Mifupa tunaifukia chini sana, na wageni huambiwa mapema kwamba mbwa asirushiwe kitu. Binti yangu, ambaye sasa ni mtu mzima, ndiye anayewaambia, na huwasimulia sababu yake bila kunificha.

Mama hunitazama nikiiandaa sahani ile, wala hasemi kitu.