Kazi ya Baba: Mtunza Bustani



Katika fomu yangu ya kujiunga na sekondari palikuwa na nafasi ya kujaza kazi ya mzazi. Niliandika "mkulima". Haikuwa kweli. Baba yangu alikuwa mtunza bustani katika misheni moja ya huku kwetu Songea, na mtaani walimwita "shamba boi" hata alipoota mvi. Niliona aibu. Leo ninawafundisha wengine juu ya heshima ya kazi, lakini uongo ule sijapata kuukiri mahali popote ila hapa.

Nimeukumbuka kwa sababu ya mwanafunzi mmoja. Mwezi uliopita alikuja ofisini, akaniamkia, akasita kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, nataka kuwa mtunza bustani. Sisemi maua ya kuuza barabarani. Nasema bustani za kihistoria. Nikasome wapi?" Nilicheka. Nikamshauri afikirie sheria au uhasibu. Alishukuru kwa adabu, akaondoka. Usiku ule usingizi ulinipaa, kwa maana nilitambua kwamba aliyecheka ni yule yule aliyejaza fomu.

Tumezoea kudhani kwamba historia hukaa ndani ya kabati la kioo. Sisi wa Songea tungepaswa kujua zaidi. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wetu katika mji huu, na wengi wao wamelala katika kaburi la pamoja palipojengwa Makumbusho ya Majimaji. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo na kuomba msamaha. Mgeni anayefika mahali kama hapo hukutana kwanza na ardhi, nyasi na kivuli, kabla hajasoma maandishi yoyote. Nani amefundishwa kuitunza ardhi ya namna hiyo? Nani anajua mti upi usipandwe karibu na kaburi, kwa kuwa mizizi yake italipasua?

Tena vita vyenyewe vilianza na mmea. Mwaka 1905, kule Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kuilima. Utawala huo huo ulikuwa umekwisha kuanzisha Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam mwaka 1893, na mwaka 1902 ukafungua kituo cha utafiti wa mimea pale Amani, katika milima ya Usambara, ili kujaribu mazao ya kuitajirisha Ujerumani. Miti ya bustani hizo ni ushahidi wa ukoloni kama zilivyo nyaraka. Tofauti ni kwamba waraka ukihifadhiwa pakavu hudumu, bali mti huugua, huzeeka na kufa. Asipokuwapo mtu wa kuchukua mbegu au kipandikizi kwa wakati, na kuandika kilitoka wapi, ushahidi huo umepotea.

Baba alikuwa na ujuzi huo. Aligonga shina kwa mpini wa panga, akasikiliza, akakwambia kama mchwa wamekwisha kula moyo wa mti. Alijua kubebesha miembe, na alikumbuka mwaka uliopandwa kila mti wa uani. Hakuandika lolote, wala hakuna aliyemwomba aandike. Alipofariki tulizika maktaba, na mimi msomi wa nyumba sikuwa nimenakili hata ukurasa mmoja.

Wenzetu waliliona jambo hili zamani. Bustani ya Kew, jijini London, ilianza mafunzo yake ya watunza bustani katika karne ya kumi na tisa, na anayefundishwa hushika jembe na kitabu kwa pamoja. Sisi hatuanzi na mikono mitupu. Chuo Kikuu cha Sokoine kinafundisha elimu ya mazao ya bustani. VETA ina utaratibu wa uanagenzi, na inao pia wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Linalobaki ni kuunganisha: kijana apewe miaka miwili au mitatu chini ya fundi katika eneo la kumbukumbu, asome udongo, magonjwa ya mimea na historia ya mahali, kisha apate cheti kinachotambuliwa katika muundo wa utumishi, chenye ngazi za kupanda. Fundi mzee naye apimwe kwa anachokijua, apewe cheti chake kabla hatujamzika.

Najua yupo atakayeuliza: zahanati zikikosa dawa, tutafikiriaje maua? Swali ni la haki. Lakini vibarua wa kufyeka tunawalipa tayari, mwaka hadi mwaka, na wanaondoka kama walivyokuja. Ninachoomba ni kwamba sehemu ya fedha hiyo izae mafundi.

Nilimwita tena yule mwanafunzi, nikamwomba radhi. Kisha nikampeleka kwa mzee aliyefanya kazi na baba, ambaye hadi leo ni kibarua katika bustani ya ofisi moja. Sasa binti huenda kwake kila Jumamosi na daftari. Juzi alinionyesha kurasa kumi na moja zilizojaa majina ya miti kwa Kingoni, kwa Kiswahili na kwa Kilatini, na mbele ya kila jina alichoambiwa na mzee. Aliniuliza kama kazi hiyo itampa cheti. Nilimjibu kwamba kwa sasa haitampa.

Ndugu zangu watumishi wa umma mnaosoma hapa, jibu hilo limo mikononi mwenu kulibadilisha. Langu mimi lilikuwa dogo zaidi. Wiki hii nilipewa fomu nyingine ya kujaza, na katika nafasi ya kazi ya baba nimeandika: mtunza bustani.